HISTORIA YA "SHINGO": VIBAO VYETU VYA KUONYESHEA SHANGA

Kurasa nyingine za kijitabu hiki zimeeleza habari za hisa, sanduku la kufuli tatu, mikopo na mgao wa mwisho wa mwaka. Sisi tumepewa jambo dogo, ambalo wageni wengi wa sherehe yetu watalikuta mezani na kudhani ni pambo tu. Nalo ni vile vibao tunavyotundikia shanga. Tunapenda kusema wazi tangu mwanzo kwamba katika miaka hii 10 hakuna kitu kilichoongeza bei ya kazi ya mikono yetu kuliko vibao hivyo. Mkopo ulitusaidia kununua shanga, lakini kibao ndicho kilichotusaidia kuziuza sisi wenyewe.

Kwanza tueleze jina. Madukani vitu hivi huitwa stendi, lakini hapa Arusha ukimwambia mtu unakwenda kuchukua stendi atakuuliza unasafiri kwenda wapi. Basi tangu siku za mwanzo cha mikufu na kola tukakiita "shingo", cha bangili tukakiita "mti", na cha hereni "wavu". Msomaji akikutana na majina hayo humu asishangae.

Kabla ya kibao

Zamani shingo ya kuonyeshea shanga ilikuwa ni shingo yenyewe. Koko zetu, Waarusha kwa Wamaasai, hawakuwa na meza ya kupangia mapambo. Kola pana ilivaliwa, mwenyewe akaichezesha begani kwenye ngoma, na aliyetazama akaelewa mengi bila kuambiwa. Surutia, zile koili za shaba zinazoning'inia masikioni, zilimtambulisha mwanamke aliyeolewa. Mama alimtungia binti yake, dada akamtungia kaka yake morani, na hapakuwa na swali la bei. Kazi nzuri ilijitangaza kwa kutembea nayo kisimani, sokoni na kwenye harusi.

Ila tusijidanganye kwamba shanga hizi zilichimbwa Mlima Meru. Shanga za kioo zilitoka mbali, Venice kule Italia, na Bohemia, ambako mji wa Jablonec katika nchi ya Cheki unatengeneza shanga mpaka leo. Zilishuka pwani, zikapanda bara mgongoni mwa wapagazi. Mwingereza Richard Burton, aliyesafiri na misafara kati ya mwaka 1857 na 1859, aliandika kwamba zilikuwako aina kama 400, na kila aina na jina lake. Zile nyekundu ziliitwa samesame, na watu wa pwani wakazitania kuwa ni kivunja mji, kwa jinsi akina mama walivyozipenda. Mfanyabiashara aliyebeba rangi iliyopitwa na wakati alirudi nayo, hata kama ametembea miezi.

Kuna habari nyingine ambayo sisi watunga shanga huwa tunaikumbushana tukikaa kazini. Mwaka 1883 Joseph Thomson alipokuwa akijiandaa kuingia nchi ya Wamaasai, ilimbidi atulie Taveta, na watu wake wakakaa kutunga maelfu ya nyuzi za shanga. Kwa nini? Kwa sababu Wamaasai hawakupokea shanga za kumwagwa kama mahindi. Walitaka zilizokwisha kutungwa, tena kwa urefu wanaoukubali wao. Kumbe hata wakati huo, shanga ile ile ikiwa imemwagwa haina thamani kama ikiwa imepangwa! Thomson alikuwa na bunduki na wapagazi wengi, lakini alikubali masharti ya macho ya mnunuzi.

Baada ya Uhuru mambo yaligeuka. Mwaka 1967 ndipo Azimio lilipotangazwa hapa mjini kwetu, na kati ya mwaka huo na 1968 ikapita kampeni katika mkoa wa Arusha ya kuwataka Wamaasai waache lubega na udongo mwekundu, wavae suruali na magauni kama watu wengine. Mapambo ya asili yakahesabiwa kuwa alama ya kurudi nyuma. Wakati huo huo picha za Mmaasai aliyevaa shanga zake zilikuwa zinauzwa kwa wageni kwenye kadi za posta. Hatuandiki haya ili kumlaumu mtu, maana kila zama zina mambo yake. Tunayaandika kwa sababu wapo akina mama kikundini ambao mama zao walizificha kola ndani ya masanduku ya bati katika miaka ile, na kola mbili za namna hiyo zitaonyeshwa siku ya sherehe.

Uwanja wa ndege wa Kilimanjaro ulifunguliwa mwaka 1971. Lakini watalii wengi waliendelea kupitia Nairobi, na mpaka ulipofungwa Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, njia yao ikakatika. Mpaka haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Miaka hiyo tunaikumbuka kwa foleni za sukari na sabuni, sembuse shanga.

Chini, juu ya shuka

Biashara yenyewe ilichangamka katika miaka ya 1990. Jengo la AICC, lililojengwa kwa ajili ya ile Jumuiya ya kwanza, lilikuwa limefanywa kituo cha mikutano tangu mwaka 1978, na sasa mikutano ikaja kweli kweli. Mwaka 1993 yalitiwa saini mapatano ya Rwanda, na mwaka 2000 yale ya Burundi. Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilikaa mjini kwetu tangu mwaka 1995 hadi ilipofungwa mwishoni mwa 2015. Yalikuwa ni mambo ya machozi na damu, na sisi wauza shanga tulikuwa nje ya geti tu. Lakini wafanyakazi wa mahakama walikaa Arusha miaka na miaka, na wao hawakuwa kama watalii. Mtalii hununua leo, kesho yuko Ngorongoro. Hawa walirudi: "Mama, nataka kama ile ya mwezi uliopita, ila bluu iwe ya kukolea."

Katikati ya miaka hiyo hiyo ya 1990 Waholanzi wa SNV pamoja na Bodi ya Utalii walianzisha utalii wa utamaduni vijijini. Wageni wakaanza kupelekwa Ng'iresi, Ilkiding'a, Mulala, Mkuru na Longido. Mjini likachangamka soko la vinyago la Kimaasai, upande wa Barabara ya Fire.

Na sisi tulikuwa wapi? Tulikuwa chini. Tulitandika shuka au kanga pembeni ya barabara, tukamwaga mzigo, tukakaa. Sasa tazama mnunuzi anaona nini. Anaona kutoka juu, amesimama, jua linamwaka kichwani. Mikufu imelaliana, huwezi kujua huu unaishia wapi na ule unaanzia wapi. Kola, ambayo kazi yake ni kulala juu ya mabega, imekaa kama sahani. Vumbi letu la Arusha limeshaingia kati ya shanga na shanga. Ili ashike kitu, inabidi ainame, na watu wengi hawapendi kuinama mbele ya mfanyabiashara. Akiinama, anainama na bei.

Kanga nayo, pamoja na kuipenda kwetu, ni adui wa shanga. Ina maua, ina pindo, ina maneno. Jicho la mgeni linakwenda kwenye kanga. Wapo walioulizia bei ya kanga yenyewe, wakaacha shanga.

Kwa hiyo wengi wetu tuliona heri kuwauzia wenye maduka. Kulikuwa na duka moja, ambalo hatulitaji, lililokuwa likichukua kola zetu kwa shilingi 8,000. Tulikaa siku nne, pengine tano, kuimaliza kola moja. Mmoja wetu aliingia siku moja akiwa amemsindikiza mgeni, akaiona kazi ya mkono wake mwenyewe imevishwa kwenye shingo nyeusi ya mahameli ndani ya kabati la kioo, taa inaimulika, na bei imeandikwa kwa dola. Alisema: "Sikuitambua mara moja. Nilidhani ni ya mtu mwenye ujuzi kuliko mimi."

Maneno hayo tuliyasikia kwenye mkutano wetu, na tuliyajadili kuliko hesabu za siku ile. Lile duka halikuongeza hata shanga moja kwenye ile kola. Liliongeza shingo, taa na kabati. Taa na kabati hatukuwa na uwezo navyo. Shingo je?

Shingo za kwanza

Kikundi kilianza mwaka 2015 tukiwa akina mama 25, na shingo za kwanza zilitengenezwa mwaka uliofuata, ndani ya nyumba ya mweka hazina, kwa maboksi. Wapo wenzetu wanaotuuliza zinatengenezwaje, kwa hiyo tunaandika hapa kwa urefu kidogo. Si siri.

Boksi linalofaa ni lile gumu, la friji au la televisheni. La sabuni ni laini mno. Unachora umbo la shingo na mabega, urefu sentimita 30 hivi na upana wa mabega 22, unakata vipande vitatu vinavyolingana. Ukitazama ukingo wa boksi utaona ndani yake kuna mistari. Vipande vikibandikwa, mistari ya cha katikati ipishane na ya vile viwili vya nje, kimoja wima na kingine mlalo. Ikielekea upande mmoja kibao kitapinda ndani ya wiki. Gundi ni ya unga wa ngano, vijiko vitatu vikubwa kwa vikombe viwili vya maji, unakoroga motoni mpaka iwe kama uji mzito. Halafu unalaza kibao chini ya debe la maji usiku kucha.

Kitambaa cha kuvalisha tulikibishania sana. Mahameli ni mazuri lakini ni ghali, na yanashika vumbi. Mama mmoja wa Ilboru ndiye aliyesema kaniki. Tukacheka kwanza, maana kaniki ni nguo ya shamba, lakini aliyoileta ilipotandikwa na mkufu mwekundu ukawekwa juu yake, kila mtu akanyamaza. Kaniki haing'ai, haina maua, na ile rangi yake nzito inaifanya nyeupe iwe nyeupe na nyekundu iwe moto. Unaikata ikizidi kibao kwa sentimita tatu pande zote, unakata vijino kwenye mikunjo ya shingo ili isifanye makunyanzi, unakunjia nyuma na kubandika. Mguu wa nyuma ni pembetatu ya boksi hilo hilo. Uushike kwa utepe wa kitambaa ili ukunjike wakati wa kubeba, na ufunge uzi mfupi kati ya mguu na kibao ili usiteleze. Kibao kilale nyuma kidogo. Kikisimama wima kabisa, mkufu unaning'inia hewani na upepo unaucheza.

Hiyo ni kwa mikufu ya nyuzi. Kola ilitushinda kwenye kibao bapa, kwa sababu ina waya ndani na inataka mteremko wa mabega. Hapo ndipo vibuyu vilipoingia. Karibu kila nyumba ya milimani ina kibuyu cha zamani cha maziwa kilichopasuka, hakifai tena na hakuna mwenye moyo wa kukitupa. Tulivikata kwa msumeno mdogo, ile nusu ya juu yenye shingo tukaijaza mchanga ndani ya mfuko ili isipinduke, tukaiweka juu ya kipande cha ubao. Kola ikalala kama imevaliwa. Vibuyu hivi hatuvivalishi kitambaa. Rangi yake ya kahawia ya moshi na mafuta inatosha, na wageni huviulizia kuliko kitu kingine chochote mezani. Haviuzwi.

Mti wa bangili ni lile bomba gumu la karatasi linalobaki katikati ya rola la kitambaa. Wenye maduka ya vitenge hutupa tukiwaomba vizuri. Wavu wa hereni ni wa kuanikia kahawa. Bei ya kahawa ilipoyumba, vichanja vingi huku Meru vilibaki kuozea uani, na fremu yake ndogo ukiipiga msasa unatundika hereni jozi 40, kila jozi kwenye kikadi chake chenye matundu mawili ya sindano.

Kuhusu boksi lazima tuseme ukweli, ni kitu cha kiangazi. Masika ya Machi mpaka Mei hulilegeza, na gundi ya unga huliwa na panya na mende. Kwa hiyo tangu mwaka 2018 shingo mpya ni za plaiwudi, mabaki ya mafundi seremala, na gundi nyeupe ya mbao. Maboksi bado tunayatumia kufundishia wanachama wapya, kwa sababu mtu akikosea hapotezi hata senti.

Mabishano ya shingo za watu

Isionekane kwamba wote tulikubaliana. Mwaka wa pili wapo waliosema tunajisumbua bure. Hoja yao haikuwa ndogo. Wageni wanapenda kumwona mtu amevaa. Mbona tusiwavalishe mabinti zetu shanga zote, wakasimama mbele ya meza? Itauza zaidi ya kibuyu, na ni asili yetu, si ndivyo koko zetu walivyofanya?

Ni kweli iliuza. Tulijaribu siku chache na mauzo yalikwenda juu. Lakini yalikuja na mambo mengine. Wageni walipiga picha bila kuuliza, wengine walimgusa binti shingoni ili waone kifungo, na mmoja alimwambia ageuke, kama mtu anavyogeuza kikombe kuona kimetoka kiwanda gani. Binti yule ni wa kidato cha tatu. Jioni alimwuliza mama yake, "Mama, walikuwa wananunua nini?"

Mkutano ulichukua saa mbili. Wazee kati yetu ndio waliolikata jambo lile. Koko zetu, walisema, walivaa vya kwao, na aliyewatazama alikuwa ndugu, jirani au mchumba. Hawakusimama ili wabebe mali ya kuuzwa. Tukaandika kwenye katiba ya kikundi kwamba mwanachama au mtoto wa mwanachama atavaa shanga anazozipenda, zake mwenyewe, na bidhaa itakaa kwenye kibao. Wanachama wawili hawakuridhika, mmoja akaondoka na hisa zake kwa amani. Sisi tunaoandika tulikuwa upande wa kibao, na bado tuko huko, ingawa tunajua uamuzi ule ulitupunguzia mauzo ya msimu mzima.

Kilichobadilika

Kibao kilipanda mezani, na mnunuzi akaacha kuinama. Kitu cha pili ni karatasi ya bei. Kitu kilichotundikwa peke yake kinaweza kuandikwa bei yake na jina la aliyekitunga, lakini fungu lililomwagwa kwenye shuka haliandikiki. Jina lilileta mashindano mazuri, maana sasa mkufu uliolegea unajulikana ni wa nani. Kola ile ya shilingi 8,000 tuliiuza wenyewe mara ya kwanza kwa 35,000. Kamati ilikubali mkopo mdogo wa pekee kwa ajili ya vifaa vya vibao, wa kulipwa kwa miezi mitatu, na hakuna aliyeshindwa kuurudisha. Ilipokuja Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, iliyotaka vikundi kama vyetu visajiliwe, daftari letu la mauzo lilikuwa tayari, kwa sababu kila kikadi kilichotoka kwenye wavu kilikuwa kimeandikwa.

Halafu ikaja Uviko-19. Nchi nzima ilipokea watalii karibu milioni moja na nusu mwaka 2019, na mwaka 2020 wakashuka mpaka kama 620,000. Arusha tuliisikia kabla ya hesabu kutangazwa. Barabara zilikuwa tupu. Shingo zikaingia chini ya vitanda, na baadhi ya akina mama wakazitoa tena kutundikia mitandio ya mitumba. Hatukuwazuia, watoto walikuwa wanataka kula. Lakini binti wa mmoja wetu aliichukua shingo moja, akaiweka karibu na dirisha asubuhi, jua likiwa bado halijawa kali, akapiga picha kwa simu na kuituma kwa WhatsApp kwa mama mmoja aliyewahi kufanya kazi mahakamani, aliyekwisha kurudi kwao. Mama yule akaagiza kola sita. Kwenye picha, yaani, kibao kinafanya kazi kuliko hata sokoni, kwa kuwa mnunuzi hana mkono wa kushika. Ana macho tu. Tangu hapo kila shingo mpya inajaribiwa dirishani kabla ya kupokelewa.

Tunafahamu kwamba wapo wanaotuzidi mbali. Pale Burka, Shanga, walioanza mwaka 2007 na kuajiri watu wenye ulemavu, wanayeyusha chupa kuukuu na kutengeneza shanga za kioo wao wenyewe, na meza zao zinapendeza. Tulikwenda kuangalia, tukarudi na wivu na mawazo matatu, mojawapo likiwa kuacha nafasi tupu kati ya kibao na kibao. Hilo ndilo gumu kuliko yote kwa mama wa sokoni, aliyezoea kwamba meza iliyojaa ndiyo meza ya mtu mwenye mali.

Hesabu ya mwezi uliopita ilionyesha shingo 41 za plaiwudi, vibuyu 9, miti 12 na nyavu 7. Shingo mbili zimeazimwa na wenzetu wa Tengeru kwa ajili ya soko la Jumamosi, na wamekubali kuzirudisha kabla ya siku ya sherehe. Kibuyu kimoja kimeanza kupata ufa wa pili, na mwenyewe ameomba akishone kwa ngozi badala ya kukibadilisha. Kamati imemruhusu.